Vyungu Viwili Shikomeni

Mtu akiniuliza adui yangu ni nani, siku hizi namtaja daktari. Si mchawi, si mwizi wa ng'ombe, wala si hawa wanunuzi wa pamba wenye mizani isiyoeleweka. Ni daktari, tena kijana, Novatus jina lake, ndevu zake unaweza kuzihesabu. Roho yangu aliiokoa, hilo sikatai. Lakini aliiokoa vibaya.

Mimi ni Maganga, wa hapa Nkololo. Nalima pamba, nafuga. Mke wangu Eufrasia alikwishatangulia. Mwanangu Josia yuko Mwanza anauza mitumba, ameniachia mkewe Joyness anayenipikia, na yeye mwenyewe anakuja Krismasi na mkate wa boflo kana kwamba huku hatujawahi kuuona. Sasa wewe jumlisha hapo: nilikuwa na nani wa kuongea naye? Nilikuwa na Mayala. Basi. Mayala wa mji wa pili, boma la jirani, niliyechunga naye ng'ombe utotoni, tukaoa mwaka mmoja. Huyo ndiye aliyekuwa mtu wangu.

Na mahali petu palikuwa shikomeni. Kwa asiyejua, shikome ni pale uani unapowashwa moto jioni, wanaume wakakaa kwenye vigoda, kila mji ukaleta chakula chake. Vyakula vinawekwa katikati, mnanawa, mnakula pamoja. Cha kwako nakila, cha kwangu unakila. Zamani shikome langu lilikuwa linajaa mpaka wengine wanakula wamechuchumaa. Halafu yakaja mambo haya ya biashara huria. Makampuni ya pamba yakamiminika, kila mtu na lori lake, chama chetu cha ushirika kikabaki na popo darini. Vijana wakakimbilia Bariadi mjini, wenye fedha wakajenga nyumba za bati, wakaweka meza ndani, wakaanza kula wamefunga milango. Mtu mzima anakula amefunga mlango! Anamficha nani? Mmoja mmoja wakapungua, tukabaki mimi na Mayala, tunakula, tunawasema waliohama. Tulikuwa tunafurahi kweli.

Sasa sikia. Msimu mmoja nilikuwa napandisha furushi la pamba kwenye mkokoteni, kifua kikanibana. Kilinibana kweli, si utani, na mkono wa kushoto ukafa ganzi. Nikaanguka juu ya pamba yangu mwenyewe. Mayala ndiye aliyesimamisha lori la kampuni, akampigia dereva makelele mpaka nikapakiwa hadi hospitali mjini. Huko ndiko nilikokutana na huyo Novatus.

"Mzee, moyo wako umechoka," akaniambia. "Na presha iko juu sana."

"Umechoshwa na nini? Mimi silimi siku hizi, nalimiwa."

"Ndiyo hivyo hivyo. Unakaa mno. Unavuta tumbaku?"

"Kidogo."

"Mafuta ya ng'ombe?"

"Sisi ni Wasukuma, daktari. Unataka tule mafuta ya nani?"

Hakucheka. Kazi yake kuandika tu. Kisha akaninyang'anya kila kitu: tumbaku marufuku, samli marufuku, nyama ya mafuta marufuku, pombe afadhali nisahau. Nile mboga za majani, matunda, samaki nikimpata. Nilale mapema. Kila asubuhi nitembee mpaka jasho jembamba linitoke. Na chumvi ndiyo aliyoikazia zaidi, akasema isiingie kabisa kwenye chungu changu, maana moyo ulivyopanuka, chumvi inaujazia maji. Mwishowe eti akaniambia nipunguze hasira. Nikamwuliza nitaipunguzaje wakati amekaa mbele yangu ananiambia nisile chumvi. Hapo ndipo akacheka kidogo.

Nikarudi nyumbani nimeamua kuishi. Nasema wazi, sioni haya: nilitaka kuishi. Kile kifua kilivyonibana niliona mauti, na mauti hayana sura nzuri. Nilitaka kuishi, na nilitaka jioni nikae na Mayala tule. Sikuwa na shida nyingine duniani.

Nikaanza na kutembea. Jamani, kutembea kwetu kuna maswali! Asubuhi natoka na fimbo, nakutana na mtu. "Mwangaluka." "Mwangaluka." "Unakwenda wapi?" Sasa nijibu nini? Siendi popote. Natembea. Nkololo mtu haendi popote? Mtu mzima akionekana alfajiri anazunguka kando ya mashamba ya wenzake, hana ng'ombe mbele yake, hana jembe begani, hana anakokwenda, wewe ungesema anafanya nini? Anaroga. Hakuna jibu lingine. Mwanamke mmoja alipoona napita kwenye pamba yake kwa mara ya pili, akatema mate chini na kuingia ndani.

Basi nikatunga. Nikawa nawaambia natafuta mtamba wangu, amepotea, mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji. Wakaridhika. Wengine wakanipa pole.

Kumbe habari ikamfikia Mayala. Yule bwana hakuniuliza hata neno. Aliamka na watu wa mji wake wote, na mkewe Generoza, wakaingia porini kunitafutia mtamba wangu! Wamekwenda mpaka karibu na mto, wameuliza kila zizi, miiba imewachana. Nikiwa narudi matembezini nikamkuta ameketi juu ya jiwe, anahema, miguu imemvimba juu ya kandambili.

"Maganga, tumekosa," akaniambia kwa huzuni. "Lakini kesho tutakwenda upande wa pili."

Nikaona aibu. Nikamweleza ukweli, kwamba hakuna mtamba, kwamba natembea kwa ajili ya moyo. Akaniangalia weee. Halafu akaangua kicheko mpaka akashika mbavu.

"Kwa hiyo mimi natafuta ng'ombe wa daktari! Lo! Maganga wewe! Ng'ombe wa hospitali mwenye baka jeupe!"

Alicheka, nami nikacheka. Nikamwambia twende naye hospitali, nimeona anavyohema, nimeona ile miguu. Nikamshika mguu nikambonyeza kwa kidole, shimo likabaki pale pale. Nikamwambia, "Mayala, hata mimi nilikuwa hivi." Akauvuta mguu wake.

"Moyo wangu mzima. Mimi nimelala vibaya tu." Na alikuwa hodari wa kubadili maneno. Akaanza kunieleza habari za lori lililozama matopeni.

Kutembea tukakumaliza hivyo. Chumvi ndiyo ilitushinda.

Joyness alinipikia chungu changu kidogo, mboga za majani na karanga, bila chumvi hata punje. Akakileta shikomeni pamoja na kile kikubwa cha wote, akaweka, akapiga goti, akarudi jikoni kama mkwe anavyopaswa. Generoza naye alikuwa ameleta chake: kuku wa kienyeji, ameelea kwenye samli, harufu yake mpaka leo naikumbuka. Mayala akanawa. Akamega tonge, akachovya, akala. Mimi nikakivuta chungu changu karibu na miguu yangu.

Tonge la pili la Mayala halikufika mdomoni.

"Hicho nini?"

"Changu. Hakina chumvi. Daktari amekataza."

"Na hiki cha mke wangu?"

"Kina chumvi, Mayala."

Akanyamaza. Nilimfahamu yule mtu tangu utotoni, hajawahi kunyamaza namna ile. Kisha akasema, taratibu, "Daktari amekukataza chumvi, au amekukataza mkono wa Generoza?"

Nikahisi moyo wenyewe huo mbovu unaruka. Maana kwetu kuna kitu kimoja tu kinachomfanya mtu aje shikomeni na chungu chake peke yake, asiguse cha mwenzake. Ni kwamba ameambiwa na mganga kuwa mwenzake anamtilia kitu. Hakuna haja ya kusema kwa mdomo, chungu kinasema. Na mimi nilikuwa nimekiweka pale mbele ya macho yake, chakula cha mkewe kikitoa moshi.

"Ebo! Mayala! Mimi na wewe!" nikamwambia kwa sauti. "Unanijua au hunijui?"

"Nilikuwa nakujua."

"Basi kuanzia kesho tule wote kisicho na chumvi. Joyness atapika kimoja."

"Mimi ni mgonjwa? Mgeni wako unamlisha chakula cha mgonjwa?" Naye akapandisha sauti. "Na Generoza nimwambie nini? Nimwambie chakula chake kimekataliwa?"

Tukagombana. Mimi nina hasira, yeye ana kiburi, hakuna aliyeshuka. Nilimwita mjinga. Akaniita mtu wa bati, yaani mtu wa kujifungia. Hilo liliniuma kuliko kifua. Lakini kesho yake jioni akaja, nami nilikuwa nimewasha moto. Akakaa upande wake na chungu cha Generoza, mimi nikakaa upande wangu na changu. Na kesho kutwa hivyo hivyo. Wanaume wawili wazee, moto katikati, kila mtu na chungu chake. Hatukuwasema tena waliohama, tungewasemaje? Tulikuwa tumehama tukiwa tumekaa pale pale.

Mara nyingi nilitaka kunyoosha mkono nichukue paja la kuku, yaishe. Nilikuwa naangalia tonge lake linavyokwenda na mate yananijaa. Halafu nakumbuka nilivyolala juu ya pamba, mkono umekufa. Naurudisha mkono. Mayala alikuwa anaona. Alikuwa anasubiri, najua alikuwa anasubiri, na mimi kila jioni namkosesha.

Mwili wangu ukawa mzuri. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Pumzi zikarudi, tumbo likapungua, nikawa napanda mlima wa mawe ulio nyuma ya shule bila kusimama. Kiko nilikwishakitupa chooni. Naye Mayala alizidi kuvimba.

Jioni moja alikuwa ameshakula, anasafisha meno kwa kijiti. Akaweka mkono kifuani. Akasema, "Maganga, hivi wewe ilikuwaje siku ile?" Ndilo swali alilouliza. Nikainuka kumfuata, kabla sijamfikia akalala ubavu, taratibu, na kijiti mdomoni. Nilipiga yowe mimi, watu wakaja. Tukatafuta lori, msimu ulikuwa umekwisha, hakuna lori. Tukamweka kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Hatukufika hata nusu ya njia ya Bariadi.

Nililia waziwazi, mbele ya wanawake. Sikujali. Nilikuwa nimemkasirikia kwa muda wote ule na sasa sina wa kumkasirikia.

Sasa watu wana midomo. Msiba haujaisha nikaanza kusikia. Walikula wawili. Vyungu vilikuwa viwili. Aliyekula chungu cha wote amekufa, na mwenye chungu chake yuko hai, tena amenawiri, tena anatembea alfajiri kwenye mashamba ya watu. Ooh, na yule mtamba, mnamkumbuka yule mtamba ambaye hakuwepo? Walipanga maneno yakapangika vizuri kabisa, ningekuwa mimi ni mtu mwingine ningeamini. Hakuna aliyekumbuka kwamba chungu alichokula Mayala kilitoka kwa mkewe. Na kwetu maneno ya namna hiyo si ya kuchekea. Nimeona nyumba za watu zikichomwa kwa maneno mepesi kuliko hayo.

Siku ya matanga wanaume tulikaa makundi makundi, kila kundi na sinia lake. Nikaenda kukaa kwenye kundi la Masele, mtoto mkubwa wa Mayala, aliyekuwa karani wa kampuni moja ya pamba mjini. Kijana mpole, nimembeba mgongoni mimi. Akaniambia kwa adabu zote, "Baba Maganga, chako tumekitenga kule. Hakina chumvi."

Nikaangalia kule alikoonyesha. Sahani moja, chini ya ukuta, imefunikwa. Hakuna mtu.

Nikamwambia, "Leo nakula hapa."

Nikanawa. Nikaingiza mkono katika sinia, nikamega ugali, nikachovya kwenye mchuzi wa nyama. Chumvi, mafuta, vyote. Nilikula mbele yao makusudi, moyo upasuke ukitaka. Nilipoinua macho, mikono yote ilikuwa imetoka kwenye sinia. Mmoja anajifuta magotini. Mwingine ameshiba ghafla. Masele aliangalia chini, akainuka akasema anakwenda kuona maji. Nikabaki mimi na sinia la watu wazima wengi, nikala, kwa sababu ningeacha wangesema nimeona aibu. Sijawahi kula chakula kirefu namna ile.

Baada ya hapo sikuwasha moto tena. Nikamwambia Joyness alete chakula ndani, nami nikafunga mlango. Ndiyo, mimi. Nilifunga mlango nikala gizani mchana. Nilikuwa naongea na Eufrasia wakati mwingine, namwambia upuuzi tu, habari za mvua. Nilipokwenda hospitali kupimwa, Novatus akaweka kile chombo chake kifuani, akasikiliza, akafurahi kama ameokota fedha. "Mzee, moyo wako unapiga vizuri sana! Umefanyaje? Hebu waambie na wenzako huko kijijini." Nilitaka kumchapa fimbo. Wenzangu gani, wewe mtoto? Nikamshukuru nikatoka.

Tulikuwa tumeanza kupalilia nilipomwona Generoza anakuja. Jua lilikuwa bado halijazama. Nywele alikuwa ameshanyoa za msiba, amevaa nguo nyeusi, amebeba kitu kichwani kimefunikwa kwa kitenge. Hakuja nyumbani. Alikwenda moja kwa moja shikomeni, palipoota majani, akatua mzigo wake, akaanza kung'oa yale majani kwa mikono. Kisha akaomba moto kwa Joyness, akauwasha mwenyewe. Mwanamke anawasha moto wa shikome! Nikafungua mlango nikatoka.

"Mwadila, shemeji," akasema bila kuniangalia.

"Mwadila. Kuna nini?"

"Kaa, ule."

Akafunua. Ugali mdogo na mboga ya majani yenye karanga. Nikasimama pale kama nguzo. Mwanamke aliyefiwa na mumewe kwenye moto huu huu. Kijiji kizima kinasema mimi ndiye niliyemmaliza. Kama naye aliamini, alikuwa na haki ya kunitilia chochote humo, na nani angemlaumu? Nafikiri hilo alilijua, maana alimega tonge ili aonje kwanza, kama mpishi anavyofanya akitaka kumtoa mtu wasiwasi.

"Acha, shemeji," nikamwambia.

Nikakaa. Nikachukua lile tonge mkononi mwake, nikachovya, nikala mimi kwanza.

Akashusha pumzi. Nilimsikia. "Mayala alikuwa anarudi nyumbani kila jioni ananiambia, leo nusura. Leo Maganga nusura aguse. Anacheka. Nikamwambia mwenzako apikiwe kisicho na chumvi, nitapika mimi, chungu kimoja mle wote. Akakataa. Akasema anataka uguse mwenyewe. Miguu yake niliiona. Nilimwambia aende hospitali. Hao wanaosema, mimi sisemi nao."

Nikasukuma kuni motoni.

Mila haziruhusu ale nami, na kuniangalia nikila nako si heshima. Basi akageuza kigoda, akanipa mgongo, akaketi hapo hapo karibu na moto, anaangalia upande wa mji wake. Nikaendelea kula. Lakini ile mboga, mama yangu wee! Ilikuwa chumvi tupu. Ulimi ulinikakamaa.

"Chumvi imekaaje?" akauliza bila kugeuka. "Sikutia. Au nimetia?"

Ningeweza kusema hakuna, shemeji, iko sawasawa. Lakini mimi na Mayala tulikuwa tumekaa kwenye moto huu tukiachia vyungu viseme badala yetu, na nimeona kilichotokea.

"Imezidi, shemeji. Imezidi kabisa."

Mabega yakaanza kumtikisika. "Ni mkono," akasema. "Mkono umezoea. Miaka yote hiyo namtilia yeye, alikuwa akikosa chumvi anagomba."

Akalia. Msibani sikumwona akilia hivyo, msibani alilia na wenzake kama inavyotakiwa. Hapa alilia peke yake, amenipa mgongo, na mimi sina ruhusa ya kumshika hata bega. Nikamega tonge lingine. Nikala ile chumvi ya Mayala polepole, mpaka chungu kikaisha, ili asije akanyamaza akasikia kwamba nimeacha.